Nyama Nyeupe ya Haroub

Mgogoni, kisiwani Pemba, wapo watu waliojulikana kwa muhogo wao, wapo waliojulikana kwa sauti zao kwenye maulidi, na wapo waliojulikana kwa ubishi tu, maana nao ubishi ni kazi. Haroub Mwalim alijulikana kwa ng'ombe. Si kwa kufuga; zizini kwake palikuwa na jike mmoja mkorofi na ndama asiyenenepa. Alijulikana kwa kucheza nao. Joto la kaskazi likishalikausha bonde, madume wakaletwa kiwanjani mmoja mmoja kwa kamba ndefu, zumari ikaanza kulia na wanawake wakajipanga kuimba, basi mtu wa kuingia kati na kanga mkononi, kumchokoza dume mpaka ainamishe pembe, alikuwa ni yeye. Ng'ombe mwenyewe hachinjwi wala hachomwi mkuki. Anayeumia katika mchezo huu, mara nyingi, ni mwanaadamu.

Miaka na miaka Haroub aliingia kiwanjani akatoka na mbavu zake zote. Sifa alizipenda, na nani asiyezipenda. Na alipenda nyama. Samaki wa Kisiwa Panza wanafika sokoni Mtambile macho yao bado yanang'aa, lakini kwa Haroub samaki alikuwa kama salamu, kitu cha kupitisha kabla ya mazungumzo. Asubuhi supu ya ng'ombe, mchana mchuzi wa ng'ombe, jioni mishkaki. Mkewe Mwanawema akimpikia tasi wa kupaka, alikula wote kwa adabu, akanawa, kisha akauliza, "Na kitoweo kiko wapi?"

Mwaka jana kiwanja kilimsaliti. Aliingia kumkabili dume mmoja mweusi aitwaye Usinambie, akamzungusha mara ya kwanza vizuri, mara ya pili vizuri, mara ya tatu pumzi zikamkatika kama uzi. Akapiga magoti mbele ya pembe, mdomo wazi, kifua kinapanda na kushuka, na lau si wanaume walioshika kamba kumvuta dume kwa nguvu zao zote, ingekuwa habari nyingine. Wanawake wa kijiji cha pili hawakungoja hata vumbi litue. Walitunga papo kwa papo: mzee kashiba, mzee kashiba, ng'ombe kamhurumia. Wimbo huo uliimbwa kwenye harusi mpaka mfungo wa Ramadhani ulipoingia.

Kwa hiyo mwaka huu, joto lilipoanza tena na habari zikaenea kuwa Usinambie ataletwa, Haroub hakuwa na jambo jingine kichwani. Alitaka kurudi kiwanjani. Alitaka wimbo ubadilishwe. Akiwa anapalilia muhogo alikuwa anachezesha jembe kushoto na kulia kama lina pembe.

Mwanawema akamwambia, "Baba Ummi, kanga yangu huipati mpaka ukapimwe. Na daktari aniambie mie, kwa mdomo wake, kuwa moyo wako unaweza."

"Nikichukua shuka?"

"Shuka pia yangu."

Hapo hapakuwa na la kubishana. Tangu alipooa, Haroub hakuwahi kuingia kiwanjani na kitambaa kisichokuwa cha Mwanawema, na hakuwa tayari kujaribu bahati uzeeni. Akaenda kituo cha afya peke yake, kwa miguu, kifua mbele.

Daktari alikuwa msichana wa Unguja, jina lake Nusaiba, mpole, mwenye Kiswahili cha skuli kilichopigwa pasi neno kwa neno. Alimfunga mkanda wa presha mkononi, akautazama mtambo, akaufunga mkanda tena. Akamtoa damu. Haroub aliporudi kwa majibu, daktari alivuta kiti karibu.

"Mzee Haroub, presha yako iko juu sana. Na mafuta kwenye damu yamezidi. Nitakupa vidonge, utakunywa kila siku, usiruke. Na chakula ubadilishe. Punguza sana nyama nyekundu. Nyama za kusindikwa, hizo bora uziache kabisa."

"Nikifanya hivyo, nitacheza ng'ombe?"

Nusaiba alikuwa hajawahi kuulizwa swali hilo. "Rudi baada ya wiki chache tupime," alisema. "Presha ikishuka, tutazungumza."

Nje foleni ilikuwa ndefu, na miongoni mwao walikuwemo watu wanaomjua. Mtu mzima hamuulizi msichana maana ya maneno huku mlango uko wazi. Haroub alishukuru, akatoka, na njia nzima ya kurudi akawa anayatafuna maneno mawili aliyopewa.

La kusindikwa halikumsumbua. Kinachosindikwa ni nazi, ni ufuta, unakandamizwa mpaka utoe mafuta. Tangu azaliwe hakuwahi kumwona Mpemba anamsindika ng'ombe. Basi hilo alikuwa ameshaliacha kabla ya kuanza. Likabaki la nyekundu, na nyekundu hata mtoto anaijua.

Akapitia bucha ya Hafiz, rafiki yake wa tangu chuoni walikosoma Kurani, pale Mtambile. Nusu ya ng'ombe ilikuwa inaning'inia.

"Hafiz, mie na nyama nyekundu tumeachana. Daktari kakataza."

Hafiz alishusha kisu taratibu, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. "Kakataza nyama?"

"Nyekundu. Nyeupe hakuitaja."

Wote wawili wakageuka kuitazama ile nusu ng'ombe. Na kweli, ukiitazama kwa nia, nyeupe imo. Ipo nundu, imejaa na kung'aa. Yapo mafuta ya figo. Upo utumbo.

"Subhanallah," Hafiz alisema, "kumbe dawa ilikuwa inaning'inia hapa siku zote."

"Nikatie nundu. Na hayo mafuta. Steki wauzie wazima."

Hafiz akafungua friji, akatoa pakiti ya soseji. "Na hizi je? Hizi zaliwa sana siku hizi."

Wakaziinamia. Haroub alizigeuza, akazipeleka kwenye mwanga wa mlangoni. "Hii si nyekundu," akahukumu. "Hii rangi ya sikio la mtoto mchanga."

"Wallahi sikio tupu."

"Nitilie."

Nyumbani Mwanawema alisikiliza maagizo ya daktari akiwa amesimama, mkono kiunoni, kwa sababu alitaka kuyashika yote.

"Vyekundu vyote vimekatazwa," Haroub alisema, maana habari ikitembea huongezeka.

"Pweza je?"

"Pweza ukimchemsha anakuwaje?"

"Mwekundu."

"Haya basi."

"Kamba?"

"Kamba ndiyo usimtaje."

"Changu?"

"Changu mwekundu tokea baharini, hangoji hata moto."

Mwanawema akatikisa kichwa. Maradhi haya, aliwaza, yanataka mtu mwenye macho. Lakini alimpenda mumewe, na daktari ni daktari. Akaanza kumpikia nundu iliyokaangwa na vitunguu, na asubuhi badala ya supu akampa soseji mbili na mkate wa mofa.

Na nyie mngemwona Haroub katika wiki zile, mngecheka kwa furaha. Hakuna mgonjwa aliyetii kama yeye. Alfajiri baada ya sala alikwenda mbio mpaka njiapanda na kurudi, kanzu kaifunga kiunoni. Vidonge alimeza. Alipopita bila ya kutazama steki ya Hafiz alijiona kama mtu anayepita karibu na dhambi bila ya kuigusa. Na kwa kuwa kheri haifichwi, aliwasimulia wenzake wenye presha. Hafiz naye, kwa moyo safi kabisa, akawa anatenga sahani ya mafuta na nundu, akiulizwa anasema, "Hiyo nyeupe, ya wagonjwa."

Vuai, kijana wa jirani mwenye mabega kama mlango, ndiye aliyekuwa akitajwa kuingia kiwanjani endapo mzee hatoweza. Alimkuta Haroub njiani akihema baada ya mbio.

"Shikamoo, ami. Mwaka huu utaingia na kiti?"

"Marahaba. Kiti nitaingia nacho, nikupe weye ukae utazame."

"Mie nitakaa karibu, ami. Safari hii atahitajika mtu wa kukuokota."

Haroub alicheka, lakini alipofika nyumbani alikaa kitako muda mrefu kuliko desturi. Pumzi hazikuwa zinarudi kama alivyotaraji. Kichwa kilikuwa kinagonga. Akajiambia ni jua.

Siku ya kupimwa Mwanawema alivaa buibui lake jipya akaenda naye, kwa kuwa yale maneno aliyataka kwa masikio yake. Nusaiba akafunga mkanda, akatazama. Akafungua, akahamia mkono wa pili. Uso wake haukuwa wa habari njema.

"Imepanda," alisema. "Mzee Haroub, imepanda kuliko mwanzo. Vidonge unakunywa?"

"Kama sala."

"Nyama nyekundu?"

"Haijapita hapa," Haroub alisema, akajigusa koo. "Tangu siku ile, wallahi."

Mwanawema akamgeukia. Macho ya mwanamke wa Kipemba yakikuuliza jambo, huna haja ya kusubiri mdomo. "Baba Ummi. Kwa Hafiz unakwenda kila siku."

"Kwenda si kula."

"Unakula huko, ndiyo maana. Mie nakesha nakubagulia chakula, pweza nimemnyima mtu wangu, kamba nimemnyima, na weye unakwenda kujificha na nyama."

"Mama Ummi, sijala kipande chekundu hata cha kujaribia jino."

Kalamu ya daktari ilisimama. "Samahani, mama. Pweza umemnyima kwa nini?"

"Si mwekundu?"

"Pweza?"

"Akichemshwa."

Nusaiba aliwatazama mmoja baada ya mwengine. Akaweka kalamu chini. "Mzee Haroub, niambie asubuhi ya leo umekula nini."

"Soseji."

"Na jana mchana?"

"Nundu. Ilikaangwa vizuri, ilikuwa nyeupe pe."

Daktari akajifunika mdomo kwa kiganja. Mabega yalimtikisika, na Haroub kwa muda mfupi hakujua kama msichana analia au vipi. Alipoondoa mkono alikuwa anacheka, lakini macho yake yalikuwa na huzuni ndani yake.

"Kosa ni langu," alisema. "Neno nimelitoa kitabuni nikakupa kama lilivyo, sikulifungua. Mzee wangu, nyekundu hapa si rangi. Ni ukoo. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, wote ukoo huo. Steki yake, nundu yake, mafuta yake, ikiwa mbichi au imeiva, yote ni nyama nyekundu. Pweza hayumo. Kamba hayumo. Changu hata avae nguo nyekundu na viatu vyekundu, hayumo."

 Mwanawema akamgeukia mumewe.

"Kwa hiyo nundu ni ng'ombe," alisema taratibu, kama anayesoma hukumu.

"Nundu ndiyo ng'ombe mwenyewe, mama. Ukiacha sufuria ya mchuzi wa nyama mpaka asubuhi, juu unakuta nini?"

"Utando mweupe, umeganda."

"Huo ndio unaokwenda kujazana kwenye mishipa ya moyo wake. Njia inakuwa nyembamba, damu inasukumwa kwa nguvu, siku moja inakwama."

Haroub aliutazama mkono wake, mshipa uliojitokeza pale penye mkanda. Ng'ombe wa kiwanjani unamwona anakuja; huyu wa ndani humwoni.

"Na soseji?" aliuliza, sauti imeshuka. "Soseji sikio la mtoto."

"Soseji ndiyo nyama ya kusindikwa niliyokwambia. Kusindika kwangu mie ni kule kiwandani. Nyama inasagwa, inatiwa mafuta, chumvi nyingi, na dawa za kuifanya isioze na ikae na rangi yake. Chumvi hiyo ndiyo iliyokupandisha presha. Na mtu akiila mara kwa mara, miaka, zile dawa zinaudhuru utumbo. Wanaokula sana wanapata zaidi saratani ya utumbo mpana. Nyama nyekundu nayo ikizidi, hatari ni ya njia hiyo hiyo. Sikwambii kesho utaumwa. Nakwambia kila sahani inaongeza kidogo."

"Mie nilidhani kusindika ni kama nazi."

"Kwenu ni nazi," Nusaiba alikubali. "Nitakuwa nauliza kwanza, kabla ya kuandika dawa."

Akambadilishia vidonge, akamwambia apumzike kwanza, mbio azirudie polepole, kisha arudi kupimwa. Kuhusu kiwanja hakusema neno, na Haroub hakuthubutu kumuuliza, maana siku ya ng'ombe ilikuwa imekaribia na presha yake ilikuwa imekwenda upande wa pili.

Walipotoka nje, Haroub hakuelekea nyumbani. Alishika njia ya bucha, kwa mbio, kanzu kaikamata, na Mwanawema nyuma yake anaita, "Daktari kasema upumzike." Alifika Mtambile anatweta. Mbele ya Hafiz alikuwepo mzee mmoja wa presha ananyoosha mkono kupokea kifurushi.

"Hafiz, usimpe."

"Nini tena?"

"Nyeupe ndiyo nyekundu."

Hafiz akamtazama kwa huruma. "Kaa chini, rafiki yangu. Umepigwa na jua."

"Nyekundu ni ukoo, Hafiz. Si rangi. Nundu ni ng'ombe, mafuta ni ng'ombe, tumewalisha watu ng'ombe tukidhani ni dawa. Na soseji ndiyo mbaya kuliko yote."

Ilimchukua muda kueleza, na Mwanawema alipofika akaeleza upya kwa mpangilio, mpaka wateja wote wakasimama kusikiliza. Hafiz aliitazama sahani yake. Halafu akaimimina yote kwenye ndoo, akafuta meza. "Nyama mie nitauza, ndiyo kazi yangu," alisema. "Lakini wa presha akija, nitamwambia aichukue mara moja kwa wiki, tena kidogo. Akinuna, nitamleta kwako umwimbie."

Kikaanza kipindi kigumu. Ni rahisi kuacha kitu ukiwa unakipata kwa jina jingine. Sasa Haroub aliacha kweli. Jioni harufu ya mishkaki ilikuwa inapita barazani kwake kama mtu anayemjua, naye anageuza uso. Mwanawema alirudi jikoni kwa hamu ya mwanamke aliyefunguliwa mikono: pweza wa ndimu na pilipili, dagaa, choroko, kisamvu, changu wa kuchoma, chumvi kidogo tu. Siku moja alimkuta mumewe ameishika sahani tu, hali, anatazama mbali.

"Unaogopa Usinambie?" alimuuliza.

"Yule namjua."

"Basi mie simwogopi yule hata kidogo, maana ana kamba na watu wa kumvuta. Mie nnaiogopa sahani. Hiyo haina mtu wa kuivuta."

Haroub akala. Tangu siku hiyo hakuulizia kitoweo.

Mbio za asubuhi akazirudia, polepole kama alivyoambiwa. Mara akafika njiapanda bila ya kusimama. Mara akafika na bado ana maneno ya kumtania muuza mbata. Siku moja alimpita Vuai aliyekuwa juu ya baiskeli kwenye mlima mdogo wa Mgogoni, akamwambia, "Asalam aleykum, mwanangu," kwa sauti isiyokatika, na Vuai akashuka kwenye baiskeli kumtazama.

Siku mbili kabla ya ng'ombe walirudi kituoni. Nusaiba alipima mkono wa kulia. Akapima wa kushoto. Mwanawema alikuwa ameishika kanga yake mpya magotini, imekunjwa, na vidole vyake vilikuwa vinaibana. Haroub alitazama dari.

Daktari hakumwambia Haroub kitu. Alimgeukia mke.

"Mama, imeshuka. Bado anahitaji vidonge, na sahani yako hiyo hiyo. Lakini imeshuka vizuri, na moyo nimeusikiliza. Kucheza ng'ombe sikusomea, sijui kitabu chake kiko wapi. Akihisi kifua kinabana, atoke. Hilo tu."

"Kifua kikibana, kanga ataiacha pale pale," Mwanawema alisema, akamwekea mumewe ile kanga mkononi. "Nimekuelewa, mwanangu."

Basi siku ikafika, na bonde likajaa mpaka watoto wakapanda juu ya mabega ya baba zao. Zumari ilikuwa inapiga kelele kama ina ugomvi na mtu. Usinambie aliletwa, mweusi, anang'aa, anachimba chini kwa kwato, na wanaume wa kamba wamejipanga huku na huku. Wanawake wa kijiji cha pili walikuwa wameshaanza ule wimbo wao wa kushiba.

Haroub akaingia.

Aliitandaza kanga, akaitikisa mara moja. Dume akaja, kichwa chini, na ardhi ikaja naye. Akapisha, pembe ikapita karibu na mbavu. Watu wakaguna. Mara ya pili akamzungusha kwa kisigino, kanga ikapaa. Mara ya tatu, ile iliyomwangusha mwaka jana, alimsubiri akiwa amesimama wima, anavuta pumzi puani taratibu, na pumzi ikaja, ikajaa, ikabaki. Akapisha tena. Na tena. Wimbo ule ukaanza kulegea, sauti moja moja zikiacha, mpaka ikabaki zumari peke yake inamfuata mzee kiwanjani. Akampita dume kwa karibu kiasi cha kumpangusa jasho usoni kwa ncha ya kanga, na bonde zima likapasuka kwa vigelegele. Vuai alikuwa anaruka kama mtoto, amekwisha kusahau kuwa alikuja kumwokota mtu.

Walimvuta Usinambie pembeni amechoka, ulimi nje. Haroub alibaki katikati, jasho linamtiririka, mkono juu ya kifua. Alikuwa anakisikiliza. Kilikuwa kinapiga kwa nguvu, lakini kilikuwa wazi, hakikubana popote.

Alitazama ukingoni, akamtafuta Mwanawema. Alikuwa amesimama mbele ya wanawake wote, buibui limejaa vumbi, anamkagua kutoka kichwani mpaka miguuni kwa macho makali kuliko ya daktari. Akamwona ananyoosha mkono, na akamsikia, juu ya zumari na vigelegele, akiwaambia wanaume wa kamba:

"Mleteni dume wa pili."